Tumbo la Mtani

Saa nne asubuhi tumbo la Mzee Chibago liliniuma kwa namna mpya, na mwenye tumbo mwenyewe alikuwa amekaa kitandani anachana nywele.

Mimi nilikuwa nimesimama dirishani mwa wodi ya tatu, mkono mmoja kwenye mkanda, mwingine umeshika kikombe. Chai ikanimwagikia vidoleni. Kuumwa ndiyo ajira yangu, kwa hiyo si maumivu yaliyonitisha. Nilitishwa kwa sababu haya sikuwa nayafahamu, na kwa siku tatu nilikuwa nimelizoea tumbo la yule mzee kama mtu anavyoizoea njia ya kwenda chooni kwake.

"Unafanya nini hapo?" nikamwuliza.

"Nachana nywele. Binti yangu anakuja."

"Zote nane?"

"Tisa. Ya tisa imeota jana. Imesikia kuna Mnyamwezi anafanya kazi, ikatoka kuja kushuhudia."

Akacheka, na mimi nikajikunja. Kila alipocheka nilipigwa ngumi tatu fupi fupi chini ya kitovu. Hizo nilikuwa nazijua. Mtu aliyepasuliwa ngiri kwa matundu akicheka, misuli ya tumbo inavuta vidonda, na lazima mtu aumie. Yeye anabaki na kicheko, mimi napata ngumi. Nadhani Dodoma nzima hakuna mtu mwingine anayeadhibiwa na utani wake kwa haraka namna hii.

Nikasubiri ngumi ziishe. Zikaisha. Lile jipya likabaki.

Lilikuwa kando ya kitovu, penye lile tundu kubwa walilopitishia kamera. Lilikaza, likakaza, likalegea. Nikahesabu pumzi kumi na mbili. Likakaza tena.

Kwanza nikaulaumu mkanda. Nikaangalia taa yake: kijani. Nikaenda kitandani, nikainua shati la mzee, nikaukagua uzi. Uzi wa ganzi ni mwembamba kuliko unywele. Daktari huupitisha kwa sindano ndefu huku akitazama altrasaundi, mpaka ulale kati ya msuli wa pili na wa tatu wa ukuta wa tumbo, mahali inapopita mishipa ya fahamu inayopeleka habari za vidonda kichwani. Babu zetu walimimina dawa hapo hapo. Ilikaa nusu siku, kisha mtu akaanza kulia. Uzi hauishi nguvu. Unaikamata habari njiani na kuirusha kwenye mkanda, na mkanda nimefungwa mimi.

Kwa nini wasiizime tu? Walijaribu kabla sijazaliwa. Watu wakatoka wodini siku ile ile wanacheza, wakaenda kubeba magunia ya karanga, nyavu walizoshonewa ndani kuzuia ngiri zikang'oka, matumbo yakajisokota, na wao wanakula ugali huku wanatabasamu. Wakazikwa wanatabasamu. Ndipo ikatungwa sheria kwamba maumivu yahamishwe, yasizimwe. Lazima awepo mtu anayeyasikia. Wakaweka mashine. Mashine ikasema "sita", ikasema "saba", lakini sita ya nini hakuna aliyejua. Wakaweka ndugu. Mama mmoja alifungwa mkanda wa mwanawe akazimia kwa huruma kabla maumivu hayajafika. Mke mmoja alifungwa wa mumewe, akasema ni kidogo sana, mbona huyu bwana analala siku nne.

Mwisho muuguzi mmoja wa hapa akawauliza wakubwa: msibani ni nani anayemsema marehemu mbele ya jeneza na hakuna anayekasirika? Mtani. Mtani hana huruma ya kipumbavu, hana aibu, na akiona jambo analisema. Tangu hapo kila wodi ina watani wake. Mgogo akipasuliwa hutafutwa Mnyamwezi au Mhehe. Mababu zangu walibeba pembe na vitambaa vya watu kati ya Tabora na pwani, wakikatiza Ugogo. Mimi, Sizya Kapela, nimesoma hadi kidato cha nne, nabeba tumbo.

Uzi ulikuwa mzima.

"Mzee," nikasema, "hapa kando ya kitovu pananikaba. Linakuja, linaondoka. Kama mtu anakaza kamba ya ndoo. Wewe huko ndani unasikia nini?"

Nilimwuliza kwa sababu uzi unajua habari za ukuta tu. Utumbo una barabara yake, na habari zake zinamfikia mwenyewe.

"Nasikia njaa."

"Na uji mbona haujaguswa?"

"Njaa ya nyama."

Nikamtazama. Jasho lilikuwa limejipanga juu ya mdomo wake, na kulikuwa na baridi. Akaweka kitana chini, akautazama mlango, kisha akanivuta shati.

"Kaa, mpagazi. Linasokota tangu alfajiri. Linakuja na hilo lako pamoja, linaondoka nalo. Usimwambie mtu."

"Nikae kimya nife nalo mimi?"

"Utakufaje? Tumbo ni langu."

"Ndiyo ninavyosema. Utakufa wewe, na mimi ndiye nitakayeulizwa."

Hakucheka. Akaanza kunieleza haraka haraka, kwa sauti ya chini. Binti yake Nyemo, mtoto wake wa pekee, alikuwa anaondoka saa kumi siku ile na basi la waajiri wake kwenda uwanja wa kurushia vyombo vya anga, na kutoka hapo kwenda Mwezini kuchimba barafu, miaka sita. Nafasi hiyo ameisubiri tangu ana miaka ishirini. Sasa ana thelathini. Mama yake amefariki. Kwa hiyo ilikuwa kazi ya baba kumtemea maji ya baraka kifuani kabla hajavuka mlango.

"Si utamwona kwenye kioo kila Jumapili," nikasema.

"Kwenye kioo humtemei mtu maji, we Mnyamwezi. Utalowesha kioo." Akaushika mkono wangu. "Akisikia napasuliwa tena, haendi. Namjua. Atakaa hapa ananipepea, nafasi atapewa mwingine, na mimi nitapona nimtazame anavyozeeka kwa ajili yangu. Saa kumi ikipita, nipasueni hata kwa shoka."

"Utumbo hausubiri basi, mzee."

"Mababu zako walipita Ugogo wakalipa ushuru wa njia na wa maji. Wewe umepita tumboni mwangu siku tatu, hujalipa hata punje. Nadai ushuru wangu. Ukimya, mpaka saa kumi."

Hapo alinibana kweli. Mtani akikudai kitu hukasiriki wala hukatai. Hata akimkamata kuku wako uani unamcheka tu huku kuku anakwenda. Ukimnyima, umeuvunja utani wenyewe, na mimi mkandani nimewekwa na utani, sikuwekwa na cheti. Lakini huo huo utani ndio unaonitaka niseme ninachokiona. Nikabaki nimekaa pale, kamba ya ndoo inakaza na kulegea, na sikumjibu. Yeye akachukulia kwamba nimelipa.

*

Saa tano Daktari Tumsime akaingia kwa hatua zake za kukimbilia mahali pengine.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje? Leo hazai?"

Hilo lilikuwa kombora langu mwenyewe linanirudia. Siku ya kwanza, nilipozipata zile ngumi za kicheko, nilibonyeza kengele nyekundu nikatangaza wodi nzima kwamba Mgogo wangu ameshikwa na uchungu wa kuzaa. Watu sita walikuja mbio na kitanda cha magurudumu. Wagonjwa walicheka hadi watani wao wakaomba nifukuzwe. Daktari hakucheka.

"Leo hazai, daktari," nikasema.

Akavaa glavu. Mjue kwamba siku hizi daktari huliminya tumbo la mgonjwa huku akiutazama uso wa mtani. Mzee Chibago alilala chali, mtulivu kama bwana harusi anayenyolewa. Vidole vya Daktari Tumsime vikaanza kwenye kinena, vikapanda taratibu, macho yake yako kwangu. Kinena: kawaida. Tundu la kushoto: kawaida. Vikafika kando ya kitovu, vikazama.

Niliona nyota mchana. Nikawaza kuhusu mtihani wa hesabu wa kidato cha pili, ambao uliniuma zaidi. Nikatabasamu.

"Neno?" akauliza daktari. Sisi hatutoi namba, tunatoa maneno.

Mzee alikuwa ananitazama, kichwa kwenye mto wa kitanda. Macho yake yalikuwa mekundu, na hayakuwa na utani hata kidogo.

"Vidonda vya siku ya tatu," nikasema. "Vinawasha kuliko kuuma."

"Vizuri. Saa kumi na moja nitamruhusu." Akaandika, akatoka. Nikasikia viatu vyake vinaongeza mwendo koridoni.

"Mnyamwezi mwaminifu," mzee akanong'ona. "Nikiwaambia watu, hawataamini."

Nilikuwa nimetoka kutoa neno la uongo kwa mara ya kwanza tangu nifungwe mkanda, na lilinitoka laini mno.

*

Kuanzia hapo sikuweza kukaa. Nilitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, hatua kumi na nne, nikarudi, hatua kumi na nne. Pumzi kumi na mbili zikawa tisa. Tisa zikawa saba. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaniambia nitamchimbia kisima.

Saa saba Nyemo akafika. Alikuwa na nguo ya kazi ya buluu, mfuko mmoja mgongoni, na kicheko cha baba yake. Akanipa mkono.

"Ndiye wewe unayeumwa kwa niaba yetu? Pole sana, mtani. Baba alikuwa anadeka hata akichomwa na mwiba."

"Bado anadeka, ila sasa anadekea kwangu."

Mzee akacheka ili binti aone anacheka. Ngumi tatu, na kamba juu yake. Nikashika ukingo wa kitanda.

Wakaongea. Mzee alimwuliza kama huko kuna karanga. Alimwuliza mtu akifa huko anazikwa akielekea wapi. Nyemo akasema baba, uliza mambo mengine. Mzee akasema basi niletee maji ya bombani, ya kwenye chupa hayana baraka. Mara Nyemo alipovuka mlango, mzee akavuta beseni kutoka chini ya shuka akatapika.

Nikalichukua beseni. Yalikuwa ya kijani. Wiki ya kwanza ya mafunzo tulifundishwa rangi tatu, na kijani ni ile ambayo mwalimu aliirudia mara mbili: njia imeziba.

"Mzee, basi."

"Saa saba na nusu. Bado kidogo."

"Bado saa mbili na nusu."

"Nimekaa na mama yake miaka thelathini. Nitashindwa saa mbili?"

Nikatoka nalo mbio. Daktari Tumsime nilimkuta kwenye mlango wa chumba cha upasuaji, kofia kichwani, mikono imeshaoshwa ameiinua juu. Ndani kulikuwa na mama aliyekuwa anavuja damu.

"Mzee Chibago utumbo umekabwa," nikasema. "Kwenye tundu la kamera. Tazama hili."

"Saa tano ulisema vinawasha."

"Saa tano nilidanganya."

Akanitazama. Nilijua anachokiona: kijana wa kengele nyekundu, yuko na beseni.

"Sizya, jana ulipaka chai kwenye bandeji ukaniambia mgonjwa anavuja. Sasa sina mikono wala muda. Nikitoka hapa nitampiga picha."

"Utatoka saa ngapi?"

"Tisa. Kumi." Mlango ukamfuata nyuma, ukajifunga.

Ya chai ilikuwa kweli. Nilisimama pale na beseni langu, kamba inakaza na sasa hailegei. Utumbo ukikabwa unaanza kufa pole pole, na ukianza kufa maumivu hupungua. Hilo nalo tulifundishwa. Nilikuwa nasubiri lipungue, na naogopa lisije likapungua.

Wauguzi wa wodi wangenisikiliza? Muuguzi wa zamu alikuwa mmoja kwa vitanda ishirini, na yeye ndiye aliyesukuma kile kitanda cha magurudumu siku ya kwanza. Maswali yao yote yangeanza na mgonjwa, na mgonjwa angetabasamu na kusema nimeshiba. Palikuwa na shahidi mmoja tu ambaye wangemwamini, na huyo alikuwa hasikii kitu, kwa sababu nilikuwa nimemshikia.

Mkanda una vifungo vitatu. Ukiufungua, uzi hauna pa kurusha habari, na habari inarudi barabara yake ya zamani. Kumfungulia mgonjwa aliye macho, bila dawa ya akiba, ndilo kosa kubwa kuliko yote katika kazi yetu. Tuliapa tumeshika vifungo hivyo.

Nyemo alikuwa amerudi na kikombe cha maji. Mzee alikuwa amekaa wima, amejifunga shuka begani kama anakwenda barazani. Aliponiona akajua. Mtu unayembebea tumbo siku tatu mnajuana.

"Sizya," akasema. Hakuwahi kuniita jina. "Nimekuomba."

"Ushuru umenishinda, mzee. Na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba Wanyamwezi ni wezi wa ahadi."

Nikafungua cha kwanza. Cha pili. Cha tatu kilikataa, vidole vilikuwa na jasho.

Kikafunguka.

Tumbo langu likawa langu. Sijawahi kusikia raha mbaya namna ile. Mzee Chibago akavuta pumzi, akabaki nayo. Macho yalimtoka, akamtazama Nyemo, akajaribu kuufunga mdomo kwa mikono miwili. Haikusaidia. Kwa sauti iliyomtoka, wodi nzima iliinuka, na kikombe cha maji kikavunjika sakafuni.

*

Daktari msaidizi alifika, akaminya, na safari hii akatazama uso wa mwenye tumbo. Hakuhitaji neno. Ndani ya dakika kumi kitanda kilikuwa koridoni kinasukumwa, na chumba cha pili kinafunguliwa. Mimi nakimbia kandoni na mkanda mkononi, hakuna aliyeniambia nije wala niondoke.

Nyemo alikuwa upande wa pili. "Siendi popote," alikuwa anasema. "Baba, siendi."

Mzee alitaka kujibu na hakuweza. Kila akifungua mdomo kilitoka kilio. Alitingisha kichwa tu, anatingisha, machozi yanaingia masikioni.

Mbele ya mlango wa upasuaji ilibidi wasubiri taa. Nikafunga mkanda.

Kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikakaa chini sakafuni, mgongo ukutani. Lilikuwa limekua tangu nilipoliacha. Juu yangu nikasikia mzee anavuta pumzi ndefu ya mtu mzima. Lake la ndani alibaki nalo, lakini la ukuta lilikuwa kwangu, na hiyo ilimtosha kupata sauti.

"Maji," akasema.

"Haruhusiwi kunywa," akasema daktari msaidizi.

"Nani kasema nakunywa?"

Mtu akaleta maji. Mzee akayajaza mdomoni, akajiinua kwa kiwiko. Kujiinua kwake kulinipasua katikati. Akamtemea Nyemo kifuani, kwa nguvu, mara moja, matone yakaruka mpaka kwangu. Akasema maneno ya Kigogo ambayo sikuyaelewa na sikutakiwa kuyaelewa. Kisha kwa Kiswahili, ili sote tusikie: "Ukikaa, nimetema bure. Nenda."

Taa ikawaka. Kitanda kikaingia. Kuanzia hapo uzi ulizimwa kwa ufunguo wa daktari, kwa sababu mlangoni mwa kisu ndipo mahali pekee ambapo sheria inaruhusu kuzima: macho ya mpasuaji yanatosha, hahitajiki mtu wa kuumwa.

Nyemo akabaki amesimama muda mrefu, nguo imelowa. Akachuchumaa mbele yangu.

"Atapona?"

Ningeweza kusema ndiyo. Siku hiyo nilikuwa nimeshadanganya mara moja.

"Sijui, dada. Daktari anasema wamewahi."

Akaitazama saa ya ukutani. Saa tisa kasoro robo. Akasimama, akavaa mfuko wake, akaondoka kinyumenyume mpaka kwenye kona ya korido, macho yake yakiwa mlangoni. Kwenye kona akageuka.

*

Walikuwa wamewahi. Utumbo ulikuwa umejipenyeza kwenye tundu la kamera, umegeuka rangi ya zambarau. Walipoufungulia, Daktari Tumsime aliniambia baadaye, walisubiri dakika tano wakiutazama, ukarudia wekundu wake. Aliniambia hayo bila kunitazama, kisha akasema angetoka na mikono yake michafu saa saba na nusu kama beseni lingeshikwa na mtu mwingine. Nikamwambia najua. Barua ya kuitwa mbele ya kamati ya nidhamu nayo ilikuwa imeshafika.

Mpaka kamati ikae, sheria ilimtaka mgonjwa awe na mtani, na Mhehe wa wodi alikuwa likizo. Nikafungwa tena mkanda, na dada mmoja wa ulinzi akakaa mlangoni kutazama vifungo.

Mzee Chibago alipozinduka alinitazama.

"Habari za asubuhi, Bwana Kapela," akasema.

Nikadhani ni dawa. Haikuwa dawa. Siku nzima ile ilikuwa hivyo. Samahani, Bwana Kapela, naomba unisogezee mto. Nashukuru sana, Bwana Kapela. Nikamwambia nywele zake zimebaki sita, nyingine zimepanda basi. Akasema, "Ndiyo, uzee huo," akageukia ukutani.

Watu wasio na watani hawawezi kuelewa. Angenitukana ningelala. Heshima ile ilininyima usingizi.

Siku ya pili akasema neno moja refu kuliko mengine. "Alinisikia nikilia, Bwana Kapela. Nilitaka aondoke na baba aliyekaa wima. Amekwenda na ile sauti, miaka sita."

"Amekwenda na maji pia," nikasema.

Akaugeuza mto upande wa pili.

Siku ya tatu, jioni, kioo cha wodi kikaita. Nyemo alikuwa kwenye kambi ya uwanja, bado siku moja arushwe. Alimsalimia baba yake, akamwuliza vidonda, akalia kidogo, akafuta pua. Kisha akasema: "Baba, na yule Mnyamwezi mwizi yupo? Mwambie amebaki na kikombe changu. Nilikivunja, lakini vipande ni vyangu."

"Yupo," akasema mzee kwa upole. "Bwana Kapela yupo hapa, anakusikia."

Nikasogea. "Mwambie vipande vyake nimeshavipika," nikasema. "Ndiyo mchuzi wa baba yake wa jana. Alisifia chumvi."

Nyemo akacheka mpaka kioo kikatetemeka, wakaagana, kikazima. Mzee Chibago akavuta shuka mpaka sikioni na kugeukia ukuta. Mgongo wake ulikuwa umenyooka, haukutikisika hata kidogo, na uso wake sikuuona.

"Usiku mwema, Bwana Kapela," akaniambia.

Nilikuwa nainama kuchukua kiti changu nilipopigwa. Chini ya kitovu, ngumi tatu, fupi fupi.